Tundu la dashibodi likipanuka, weka shaba nyuma
Kwa wenye Land Rover za zamani hapa Mwanza: tundu la swichi likipanuka kwenye dashibodi ya chuma, usizibe kwa pati (lipu ya kujazia bodi), mtikisiko utaipasua. Chomoa betri na nyaya, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, bana shaba bapa nyuma. Bomba la shaba la friji lililopondwa linatosha. Jaza tundu kwa kuchomelea na migi (mashine ya weldi inayolisha waya yenyewe), waya wa milimita 0.6, nukta moja moja, ukisubiri wekundu uishe. Shaba hunyonya joto na haishikani na weldi, kwa hiyo bati halitoboki ovyo. Saga, kisha toboa upya ukianza na biti ya milimita 3. Sumaku isiposhika kwenye dashibodi, hiyo ni aluminiamu, njia hii haifai. Kingo zilizoliwa na kutu zikate kwanza, uweke kiraka. Paka praima (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, unyevu wa ziwa hausubiri.