Jinsi ya kujifunza Kijerumani bure kwa Nicos Weg mpaka mtihani wa A1, hatua kwa hatua

Habari wadau. Nimetoka kumsaidia binti wa shangazi yangu kujiandaa na A1 ya Kijerumani, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, anataka kwenda Ujerumani kama au pair (kijana anayeishi na familia ya huko na kuwasaidia kulea watoto), na kwa vile watu wengi wananiuliza inboksi "nianzie wapi" naona bora niandike mara moja wote mpate. Kozi ninayoitumia ni Nicos Weg, iko learngerman.dw.com, ni DW hii hii ya redio mnayoijua, inayotangaza kwa Kiswahili tangu 1963. Kozi inaanzia A1 mpaka B1 na yote ni bure. Kwa A1 mimi msimamo wangu ni kwamba usimlipe mtu ada ya darasa kabla hujaimaliza hii, hela itunze kwa ajili ya mtihani. Na zile app za kugusa picha na kukusanya pointi sizipendi kabisa, zinakufanya ujione unajua halafu ukiulizwa unaishi wapi unanyamaza.

Hatua ya 1: Ingia

Fungua tovuti, chagua A1, anza somo la kwanza. Akaunti ni hiari ila fungua, itakutunzia ulipofikia.

Hatua ya 2: Kibodi

Fanya hii kabla ya zoezi lolote. Kijerumani kina ä, ö, ü na ß, na zile nukta mbili sio mapambo. Schon ni "tayari", schön ni "nzuri". Bruder ni kaka mmoja, Brüder ni kaka wengi, yaani wingi wote umebebwa na nukta. Kwenye simu bonyeza herufi a, o, u au s bila kuachia, zitatokea zenyewe. Ukiamua kuongeza kibodi ya Deutsch kabisa, chagua mpangilio wa QWERTY, maana ule wao wa QWERTZ umebadilishana z na y na utakusumbua bure. Kama unatumia kompyuta ya Windows ya steshenari na huruhusiwi kugusa settings, shika Alt halafu andika kwa namba za pembeni kulia: 0228 ni ä, 0246 ni ö, 0252 ni ü, 0223 ni ß.

Hatua ya 3: Angalia somo

Kila somo lina kipande kifupi cha filamu, hadithi ni ya Nico, kijana kutoka Hispania anayefika Ujerumani na kupoteza begi lake uwanja wa ndege. Angalia mara ya kwanza bila maandishi hata kama huelewi kitu. Kisha fungua Manuskript, hapo kuna maneno yote waliyosema, soma kwa sauti, halafu rudia video ukisema pamoja nao. Mazoezi fanya baadaye. Kama bando linabana, video angalia sehemu yenye wifi, nyumbani baki na manuskript na mazoezi.

Hatua ya 4: der, die, das (hapa usikimbie)

Hapa ndipo watu wanapotezea muda mwingi na ndipo wengi wanaachia njiani, kwa hiyo nitaongea kirefu. Kila nomino ya Kijerumani ina der, die au das yake na huwezi kukisia kwa maana, meza ni der Tisch, taa ni die Lampe, kitanda ni das Bett, na msichana ni das Mädchen. Sisi hili tusilishangae maana tuna ngeli, hakuna anayeuliza kwa nini kiti ni ki- na mti ni m-, na tunajua ukikosea ngeli sentensi nzima inaharibika. Tofauti ni kwamba ngeli yetu mara nyingi unaiona kwenye neno lenyewe ila yao imekaa nje, ukiandika "Tisch" peke yake kwenye daftari umeandika nusu ya neno.

Sasa mtego wenyewe. Wengi wanachukua der, die, das kwa kusikiliza video, na video zitakudanganya. Utasikia "mit der Bahn", kwa treni, utaandika der Bahn. Sio. Ni die Bahn, ila baada ya mit, die inageuka kuwa der. Utasikia "mit dem Bus" na "mit dem Auto", zinafanana kabisa, kumbe moja ni der Bus na nyingine das Auto. Utasikia "den Schlüssel", ni der Schlüssel. Utasikia "die Kinder" ukadhani die, kumbe ule ni wingi, na wingi wote ni die, umoja wake ni das Kind. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kiambata (yaani hiyo der, die au das) usikitoe kwenye video hata siku moja, kitoe kwenye orodha ya maneno ya somo, inaitwa Wortschatz, pale kimeandikwa kama kilivyo kabla hakijageuzwa na sentensi.

Ukishatoa, weka kwenye Anki, app ya kadi za kukariri maneno. Android na kompyuta ni bure, iPhone wanalipisha, mwenye iPhone aitumie kupitia kivinjari, AnkiWeb. Upande mmoja picha au Kiswahili, upande wa pili kiambata, neno na wingi wake, mfano der Arzt, die Ärzte. Ukijibu neno sahihi ila kiambata umekosea, bonyeza Again, usijihurumie. Na usipakue zile kadi za watu zenye maneno maelfu, tengeneza zako za somo la leo, ule muda wa kuandika ndio unaokaa kichwani.

Kuna miisho inayosaidia: -ung, -heit, -keit, -schaft na -tät ni die, -chen na -lein ni das. Ila -er isikudanganye kwamba ni der siku zote, der Lehrer sawa, lakini ni das Zimmer na die Butter. Na neno refu lililounganishwa linafuata neno la mwisho, ndio maana ni das Krankenhaus, der Krankenwagen, die Krankenschwester.

Hatua ya 5: Mdomo na kalamu

Tovuti haiwezi kukusikia. Kila somo likiisha jirekodi kwenye WhatsApp na umtumie mwenzako anayesoma pia. Zoea kutaja herufi za jina lako, irabu a, e, i, o, u zitaje kama kwenye Kiswahili na sio kama Kiingereza, hapo wengi wanateleza. Namba nazo zinaanza na mamoja, 34 ni vierunddreißig, nne kisha thelathini.

Hatua ya 6: Mtihani

Wanaotoa mtihani ni Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, wapo Dar na Nairobi. A1 ni kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, jumla 100, unafaulu kwa 60. Kuandika ni kujaza fomu na ujumbe wa maneno kama 30 wenye hoja tatu, gusa zote tatu hata kwa sentensi fupi. Kuongea mnakaa kikundi: unajitambulisha, unataja herufi na namba, kisha kuuliza na kuomba kwa kutumia kadi. Kwenye tovuti yao kuna mitihani ya mfano bure pamoja na sauti zake, ifanye kwa kuweka saa mezani. Ukiona unapita 75 nyumbani nenda kajisajili, na jina ujaze kama lilivyo kwenye pasipoti.