Fumbo moja, dakika 80: kumzoeza mwanachuo wa ualimu kufikiri kihisabati

Somo hili ni la wakufunzi wa vyuo vya ualimu, na walimu wa shule za msingi wanaopokea wanachuo wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo anakokotoa vizuri tu, MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) anaijua usingizini, lakini ukimuuliza "kwa nini?" anakurudishia kanuni ileile. Kumrundikia maswali 30 hakumsaidii. Mpe moja, mkae nalo.

Fumbo: Mfugaji wa Kongwa ana mbuzi na kuku. Vichwa ni 20, miguu ni 56. Mbuzi ni wangapi?

Unahitaji vipindi viwili vilivyoungana, vikundi vya watu wanne, karatasi moja ya manila na kalamu moja ya wino mzito kwa kila kikundi. Moja, si nne. Zikiwa nne kila mtu atafanya lake na hakuna atakayebishana na mwenzake.

Hatua ya 1 (dakika 5). Andika fumbo ubaoni, usilifafanue. Kila mmoja akadirie peke yake: mbuzi wanafika 10 au hawafiki? Mbuzi 10 na kuku 10 wangekuwa na miguu 60. Yetu ni 56, basi hawafiki. Yule anayekimbilia kugawanya 56 kwa 4 na kupata mbuzi 14 hujinasa hapa mwenyewe: mbuzi wamemaliza miguu yote, kuku sita wamelala chini hawana hata mmoja.

Hatua ya 2 (dakika 25). Vikundini, na sharti: x na y marufuku. Watanung'unika, shikilia hapohapo. Wamesoma hisabati ya sekondari kwa Kiingereza na kesho wataifundisha shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa watoto ambao milinganyo miwili hawajaiona. Wengine watajaza jedwali na kubahatisha. Wengine watachora vichwa 20, kila kimoja wakipe miguu miwili, zitumike 40, zibaki 16 wazigawe mbilimbili: mbuzi 8, kuku 12.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Ukiuliza 2 iliyogawanya 16 ni ya nini, wengi watajibu "miguu ya kuku". Sivyo. Ni miguu ambayo mbuzi anamzidi kuku. Jibu limetoka sahihi, fikra ni mbovu, na ukisahihisha kwa alama ya vema tu hutaliona kosa. Wabadilishie: mbuzi na vigoda vya miguu mitatu, jumla 20, miguu 68. Sasa msingi ni 60, zinabaki 8, na mbuzi anazidi kigoda kwa mguu mmoja tu, kwa hiyo mbuzi ni 8. Anayegawanya 8 kwa 2 au kwa 3 alikuwa amekariri.

Wewe zunguka ukiuliza tu: "Hii ni ya nini?", "Umejuaje?", "Ingekuwa 58 je?" Kalamu yao usiiguse.

Hatua ya 3 (dakika 20). Bandika karatasi tatu tu: ya jedwali kwanza, ya mchoro baadaye, ya njia fupi mwisho. Ukianza na njia fupi, waliobahatisha watafunga midomo. Kila karatasi ielezwe na kikundi kisichoiandika.

Hatua ya 4 (dakika 25). Panua. Miguu ingeweza kuwa 57? Haiwezekani, ni witiri. Zipi zinawezekana? Namba shufwa zote kuanzia 40 hadi 80, yaani 21. Kuna atakayegundua kanuni: nusu ya miguu, toa vichwa; 28 − 20 = 8. Usiipokee bila sababu. Katika nusu ya miguu kila kuku anachangia 1 na kila mbuzi 2. Ukitoa 1 kwa kila kichwa, kuku anabaki na sifuri, mbuzi na moja. Zilizobaki ni hesabu ya mbuzi.

Dakika 5 za mwisho kila mtu atunge fumbo lake. Vichwa 15, miguu 70? Mwache alitatue mwenyewe.

MASWALI YA WAKUFUNZI NA WALIMU

Swali: Mkufunzi, nina wanachuo 110. Manila nitatoa wapi?
Jibu: Ni vikundi 28 hivi. Kalenda za zamani, au mifuko ya saruji iliyopasuliwa. Upande wa ndani unaandikika vizuri. Za kubandika zibaki tatu.

Swali: Kukataza x na y si kuwarudisha nyuma?
Jibu: Zirudishe hatua ya 4. x + y = 20, 4x + 2y = 56. Gawanya wa pili kwa 2, upate 2x + y = 28, toa wa kwanza: x = 8. Ni ile kanuni ya nusu ya miguu. Sasa wanajua kwa nini tuligawanya kwa 2.

Swali: Alama nigaweje?
Jibu: Kati ya 10: jibu 2, njia 3, sababu 5. Watalalamika wiki mbili za kwanza.

Swali: Samahani mwalimu, fumbo linasema ana mbuzi NA kuku. Miguu 40 ni kuku watupu, 80 ni mbuzi watupu. Si zinabaki 19?
Jibu: Ni kweli, ndugu. Lazima wote wawepo, basi ni 42 hadi 78, namba 19. Waachie wanachuo walibishanie hilo kabla ya kuwaambia.

Swali: Tupe jingine la huku kwetu Dodoma.
Jibu: Mstari wa zabibu una mita 60, nguzo kila mita 5, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watasema 12, ni 13. Wakishaeleza ile moja imetoka wapi, waulize uzio wa duara wenye mzunguko wa mita 60.