Somo: Kuwachangia waathirika wa vimbunga ng'ambo, kwa vikundi vya vijana

Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, boti za Zanzibar zikasimama na Dar es Salaam ikaonja kidogo tu ya yale yaliyowakuta watu wa Beira, Msumbiji, kwa Kimbunga Idai Machi 2019, na wa kisiwa cha Mayotte, jirani na Komoro, kwa Kimbunga Chido Desemba 2024. Vimbunga hivi hupata nguvu kutokana na joto la maji ya bahari, na bahari yenyewe ni hii hii yetu.

Kwanza, mpateni mpokeaji kabla ya kuomba hata shilingi moja. Kiandikieni barua Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho kina vyama wenzake katika nchi nyingine, mkiuliza kama kinapokea michango ya maafa mnayoyakusudia, kisha msubiri jibu la maandishi.

Pili, jitambulisheni ofisi ya serikali ya mtaa na muulize vibali vinavyohitajika.

Tatu ni fedha, na hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Msipokee michango kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata mweka hazina awe mwaminifu kiasi gani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, tumieni lipa namba yenye jina la kikundi, na kila jioni jumla ya siku ibandikwe kwenye kundi la WhatsApp pamoja na makato. (Nimeshuhudia shilingi elfu sabini zikizua ugomvi wa mwaka mzima; hazikuibwa, ila hakuna aliyeandika makato ya kutolea.)

Njia ya kuchangisha, iwe bonanza la mpira au kuosha magari, chagueni wenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tumeletewa magunia manne ya nguo. Tuyapeleke vipi?*
Msiyapeleke. Usafiri unaweza kuzidi thamani ya nguo zenyewe. Ziuzeni hapa hapa, kwa idhini ya waliozitoa, na fedha ziingie kwenye akaunti.

*Nauli za vijana wanaozunguka zitoke kwenye michango?*
Zitoke tu ikiwa wachangiaji waliambiwa mapema, na kiwango kikaandikwa.

*Baba mmoja alituuliza kwa nini tunakwenda mbali ilhali bonde la Jangwani, Dar es Salaam, hufurika. Tumjibu nini?*
Ana haki ya kuuliza, msibishane naye. Akitaka kuwachangia wa Jangwani, mfungulieni daftari lake, na fedha hizo zisichanganywe na za ng'ambo.