Kitone kikavu kwenye jani la ngano: namna ya kukisoma kabla ya kupiga dawa

Nikienda kukagua ngano huvaa suruali nyeupe kuukuu. Wenzangu hapa Njoro hunicheka, lakini nikitoka shambani magoti yakiwa na unga wa rangi ya matofali, sihitaji hata lenzi: kutu, ule ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, imekomaa na inamwaga spora, mbegu zake za unga. Nikitoka safi ndipo kazi inapoanza.

Subiri umande ukauke, kama saa nne asubuhi. Chuma jani la juu kabisa, linyanyue lipitishe mwanga wa jua, ulitazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Angalia na shina. Vipele vya kutu ya shina ni virefu na kingo zake zimechanika, ukipitisha kidole vinakwaruza. Hivyo kila mtu huviona. Vinavyopitwa ni vitone vidogo vikavu, vyeupe au vya manjano, visivyo na unga. Vipanguse kwa tishu nyeupe. Tishu ikibaki safi, huenda unatazama mahali ambapo ngano ilimkamata mwizi mlangoni.

Ukuta wa kuvu una kitini, kitu kilekile kilicho kwenye gamba la panzi, na mmea hauna kitini chake. Kwa hiyo kwenye utando wa seli ya mmea zimepachikwa protini zinazochungulia nje zikisubiri vipande vyake. Kwenye mpunga mambo haya yamefuatiliwa vizuri: protini iitwayo CEBiP inadaka kipande cha kitini, kisha inashikana na nyingine, CERK1, ambayo mkia wake uko ndani ya seli na ndio unaopiga kamsa. Dakika chache tu, kalisiamu inamiminika ndani, na seli inatoa haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Ngano nayo ina protini za ukoo huo.

Kutu ya shina si mjinga, lakini. Ikishapenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, hugeuza kitini cha juu ya nyuzi zake kuwa kitosani, na walinzi wa utandoni hawaitambui kwa urahisi. Hapo hubaki walinzi wa ndani, wanaozijua protini ambazo kuvu huchomeka kwenye seli. Wakizigundua, seli hujiua. Kutu hula seli hai tu, basi inakufa njaa palepale. Kitone kikavu ndicho kaburi lao wote wawili. Watafiti wakipima miche hukiandika kwa alama ya nukta-mkato, na vipele vyenye unga hupewa 1 hadi 4 kadiri vinavyonenepa.

Hili nililijua kwa gharama ya mtu mwingine. Mama mmoja wa Mau Narok aliniletea majani yenye vitone. "Mwanangu, nipige dawa?" Nikamwambia apige leo leo, sikuvipangusa wala kutoa lenzi. Kulikuwa na kipande kando ya ua alichokisahau. Wiki mbili baadaye kilikuwa kijani sawa na kwingine kote. Hakunigombeza, alinionyesha risiti tu.

Usikimbilie kusherehekea pia. Dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo huacha madoa yanayofanana na hayo. Tazama magugu ya pembeni, yakiwa na madoa yaleyale, si kutu. Jani likikutatiza, litie kwenye chupa yenye tishu mbichi hadi kesho yake uone kama unga utatoka.

Na mbegu iliyokukinga mwaka jana usiiamini moja kwa moja. Aina ya kutu iitwayo Ug99, iliyoonekana Uganda mwaka 1998, iliishinda Sr31, jeni ya ngano ya kujikinga na kutu iliyokuwa imetegemewa nchi nyingi. Weka alama kwenye mimea kumi, rudi baada ya siku saba, upanguse vitone vilevile tena. Tishu ikitoka na rangi ya matofali, sasa piga dawa.

Kabla ya kuingia shamba la jirani, vua ile suruali uifunge kwenye mfuko.