Kumlea Jack Russell: anza na uzio, siyo na mbwa

Mbwa huyu huwaponza watu kwa udogo wake. Kilo tano au sita, unambeba kwa mkono mmoja, ukadhani ni wa kochini. Mchungaji John Russell wa Devon, Uingereza, alipomnunua jike aitwaye Trump kwa muuza maziwa mwaka 1819, alianzisha naye ukoo wa mbwa wa kuingia shimoni kumfurusha mbweha. Kazi hiyo bado imo damuni.

Hatua ya 1: Uzio. Hapiti juu tu, anapita chini. Chimba mtaro wa sentimita 30 kufuata wavu, jaza mawe, fukia. Kisha kagua geti: kichwa kikipenya, mwili nao umepita. Karanga, jike wangu, alipenya chini ya geti wiki ya pili, nikalipa kuku wawili wa jirani.

Hatua ya 2: Mpe shimo lake. Kumkataza kuchimba ni kupoteza muda. Tenga kona yenye kivuli, mwaga mchanga, fukia mfupa nusu uonekane. Akiufukua, msifu. Kesho ufukie wote. Ukimkuta kwenye mchicha usimchape. Mbebe kimyakimya hadi kwenye mchanga wake.

Hatua ya 3: Mchoshe. Nusu saa alfajiri, nusu saa jioni, akiwa kwenye kamba. Akiona paka, masikio yanaziba. Siku ya mvua namwagia chakula chake kwenye nyasi fupi akitafute kwa pua. Dakika kumi na tano za hivyo humlaza.

Hatua ya 4: Kupe, kila jioni bila kukosa. Hapa ndipo wengi tunapopotezea mbwa. Mlaze mapajani, pitisha vidole kinyume cha manyoya: ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe mdogo ni kama punje ya ulezi, utamhisi kabla hujamwona. Mshike kwa kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kusokota. Njiti ya kiberiti na mafuta ya taa waachie wanaopenda kubahatisha.

Kisha inua mdomo uone ufizi. Uwe wa waridi. Ukipauka, au mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi, huenda kupe wamemwambukiza ugonjwa: nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyopimwa kwa kifuniko na kukadiriwa kwa macho, isimguse. Nunua ya mbwa, kwa uzito wake.

Hatua ya 5: Chakula. Ugali na dagaa, nyama kidogo. Kitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana.

Hatua ya 6: Panya. Atawaua, na atajivunia. Kwa hiyo, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, muulize daktari kuhusu ile ya leptospirosisi, ugonjwa tuliousikia kwa jina la homa ya mgunda kule Lindi mwaka 2022. Mkojo wa panya huusambaza. Sumu ya panya usiweke kabisa, na jirani umwombe akuambie akiweka. Sumu nyingi kati ya hizo huzuia damu kuganda, na mbwa anaweza kucheza siku mbili tatu kama hana neno. Ukishuku amekula, usingoje damu itoke puani: mbebe yeye na pakiti ya sumu, mwende wote.