Kuishi na Sisti ya Ubongo Hadi Siku ya Upasuaji

Kabla hujaondoka mbele ya daktari, andika mambo matatu: sisti yako ni ya aina gani, iko sehemu gani ya ubongo, na ina milimita ngapi. Ukifika chumba cha dharura usiku wa manane ukasema tu "nina uvimbe kichwani", hujamsaidia anayekupokea. Pengine atafikiria saratani, kumbe sisti nyingi si saratani, ni kifuko chenye majimaji.

Aina ndiyo inayoamua utasubiri vipi. Sisti ya araknoidi mara nyingi mtu huzaliwa nayo, hukaa kwenye utando unaofunika ubongo, na inaweza kutulia miaka mingi. Kinachoitibua ni pigo la kichwa, kwani mishipa midogo iliyo jirani nayo huweza kupasuka na damu ikavuja polepole. Basi ndondi, kupiga mpira kwa kichwa na kupanda pikipiki bila helmeti, weka kando. Sisti ya koloidi ni habari nyingine kabisa. Yenyewe hukaa kwenye chemba ya tatu ya ubongo, palepale penye vijia vya majimaji, na hata ikiwa ya sentimita moja inaweza kuziba njia.

Hesabu yake ni hii. Ubongo hutengeneza karibu nusu lita ya majimaji kwa siku, ilhali yaliyopo kwa wakati mmoja, kichwani na kwenye uti wa mgongo, ni takriban mililita 150 tu. Njia ikiziba, utengenezaji hausimami. Ndiyo maana hali huweza kuharibika ndani ya saa chache, na ndiyo maana kauli ya "ngoja kupambazuke" ni ya hatari.

Nenda hospitali saa hiyohiyo ukipata kichwa kikali cha ghafla kisichofanana na cha siku zote, ukitapika mfululizo huku kichwa kikiuma, ukiona vitu viwili viwili au giza likipita machoni, miguu ikilegea ghafla ukaanguka, au upande mmoja wa mwili ukikosa nguvu. Dalili inayopuuzwa zaidi ni usingizi. Mgonjwa aliyelalamika kichwa mchana kutwa akinyamaza jioni na kulala fofofo, wengine husema afadhali amepumzika. Mwamsheni. Asipoamka sawasawa au akiongea ovyo, ni dharura. Usijiendeshe, na wahudumu waambiwe mapema kwamba kuna sisti, kwa sababu kuchukua majimaji mgongoni kwa sindano kunaweza kuleta madhara njia ikiwa imeziba.

Ili ujue kipi si cha kawaida, lazima kawaida yako iwe imeandikwa. Daftari dogo linatosha, mstari mmoja kwa kila tukio:

"Jumatano, saa 11 alfajiri. Kisogoni, 7 kati ya 10. Nimetapika mara 1. Parasetamoli vidonge 2. Saa 1 asubuhi, 3 kati ya 10."

Saa ni muhimu kuliko maelezo marefu. Maumivu yanayokuamsha alfajiri, au yanayozidi ukilala, ukikohoa na ukiinama, huweza kuashiria shinikizo limepanda ndani ya kichwa. Yakianza kujirudia kila siku ilhali yalikuja mara moja kwa wiki, piga simu kliniki. Foleni ya upasuaji husogezwa kwa ushahidi wa namna hii, si kwa kulalamika.

Kuhusu dawa za maumivu, kwa kawaida mtu mzima humeza parasetamoli miligramu 1000, yaani vidonge 2 vya 500, kila baada ya saa 6, na asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo aulize kipimo chake. Soma pia pakiti za dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli hiyohiyo. Ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzuia damu kuganda; usizitumie bila ruhusa ya daktari. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe, uliza siku ya kusimamisha. Taja na dawa za asili unazokunywa. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa ubongo, nayo haikatwi ghafla.

Usilale chali bila kuinua kichwa. Kiinue pamoja na mabega kwa mito, kiasi cha nyuzi 30, shingo ikiwa imenyooka. Kunywa maji na kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, kwani kujikamua chooni hupandisha shinikizo kichwani. Choo kikiwa kigumu, omba dawa ya kulainisha.

Mwenye degedege asiruke dozi hata moja, asiendeshe gari, asipande ngazi ndefu, asiogelee peke yake, na akioga asifunge mlango kwa komeo. Degedege likianza, anayekuwa naye atazame saa, amlaze ubavu, asimtie kitu chochote mdomoni. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni kumkimbiza hospitali.

Weka picha za MRI, si ripoti peke yake, kwenye diski au flashi, na nakala nyingine kwa ndugu. Simu iwe hewani; ukibadilisha namba, wajulishe wodi. Ukipata homa, kikohozi au jipu wiki ya upasuaji, sema mapema, kwani ganzi (dawa ya kukulaza usingizi wakati wa upasuaji) na maambukizi haviendani. Chakula kwa kawaida husimama saa 6 kabla ya ganzi na maji matupu saa 2, ila fuata muda utakaopewa. Dawa za degedege za asubuhi kwa kawaida humezwa hata siku hiyo, kwa funda dogo la maji. Thibitisha hilo na daktari wa ganzi siku moja kabla.