SOMO: Gari ya yadi imeanza kusumbua? Soma hapa kabla fundi hajashika spana

Ujumbe ni ule ule kila wiki: "Nimenunua gari yadi, nimefika nayo Usagara ikachemsha, nifanyeje?" Namjibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Nyamagana, Mwanza, si wakili. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kupanga karatasi zao na kujua waanzie wapi.

Wengi mnakata tamaa mapema kwa sababu risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", na jirani naye amekuambia gari ya mtumba haina haki. Someni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kifungu cha 15 kinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kifungu cha 16 kinamgusa anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, yaani mwenye yadi: anachouza kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Na kama ulimweleza kazi unayoitakia gari ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Sheria haikutofautisha mpya na iliyotumika, ila umri na bei vinaangaliwa. Bushi zilizochoka kwenye gari ya miaka kumi na tano usizipeleke kwa hakimu. Silinda hedi iliyopasuka ikazibwa kwa gundi ili ivuke siku ya mauzo, hiyo peleka.

Hatua ya 1. Egesha gari. Usiendelee kuitumia.

Hatua ya 2. Kusanya mkataba wa mauziano, risiti ya EFD, karatasi ya muamala wa benki, nakala ya kadi ya gari na tangazo lenyewe. Tangazo lipige picha leo, maana likifutwa hulipati. Meseji na sauti za WhatsApp zinapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo usizifute wala usiiuze hiyo simu.

Hatua ya 3. Mjulishe muuzaji kwa maandishi, gari ikiwa haijafunguliwa. Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia, nisomeni taratibu. Mzee mmoja wa Buhongwa alinunua gari ambayo gia zilikuwa zinateleza ikipanda mlima wa Bugando: injini inalia, gari haiendi. Alikuwa na haki kabisa. Lakini alianza kwa fundi wake, gia boksi ikashushwa, vyuma vikatandazwa kwenye gunia na vingine vikalowekwa kwenye beseni la mafuta ya taa, ndipo akampigia simu mwenye yadi. Mbele ya hakimu yule mwenye yadi aliuliza swali moja tu: "Nani alifungua gia boksi?" Hakukuwa na picha, hakukuwa na barua, na fundi alikuwa ameshahamia Geita. Mzee alishindwa kuthibitisha kwamba ubovu ulikuwemo kabla ya gunia lile.

Kuna na jambo la pili, nalo ni la kisheria zaidi. Ukiendelea kuitumia gari kama yako, au ukikaa nayo kupita muda unaostahili bila kusema unaikataa, sheria inahesabu kwamba umeikubali. Ukishahesabiwa hivyo, haki ya kuirudisha imekwenda, unabaki kudai fidia tu. Sheria haikutaja siku ngapi. Mahakama inapima kulingana na mazingira, kwa hiyo andika siku hiyohiyo ubovu ulipojitokeza. Usiiweke kwenye teksi "irudishe hela kidogo", usibadilishe viti wala rangi. Na ukisema "naikataa", isemwe kwa maneno hayo. Kulalamika kwa simu kwamba "gari yako inanisumbua, bosi" si kuikataa. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yako isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Wakigoma kusaini, nenda na shahidi na utume picha ya barua kwa WhatsApp papo hapo.

Hatua ya 4. Tafuta fundi asiye ndugu yako wala rafiki wa yadi, aipime kwa mashine, na muuzaji aalikwe kushuhudia. Ripoti iwe na tarehe, namba ya chesisi, kilomita zilizosomeka na saini. Muulize kabisa kama yuko tayari kuja kutoa ushahidi. Akisita, tafuta mwingine.

Hatua ya 5. Barua ya madai: taja unachotaka (hela yako, matengenezo kwa gharama yake, au upunguziwe bei) na siku ya mwisho ya kujibu.

Hatua ya 6. Kama ulidanganywa kwenye tangazo au kwa maneno, peleka pia malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Hatua ya 7. Mahakama. Dai la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaanzia Mahakama ya Mwanzo, na huko kila kitu ni Kiswahili. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Wilaya. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, ila msije mkauchanganya na muda wa kuikataa gari niliousema hatua ya 3.

MASWALI YA WANACHAMA

Baba Kulwa: Naomba namba yako mkuu, gari inagoma kuwaka.
Jibu: Imeshafunguliwa au bado? Umemwandikia muuzaji? Soma hatua ya 3, kisha rudi na majibu hayo mawili.

Dada wa Igoma: Shikamoo. Mimi sikununua yadi, nilinunua kwa mtu binafsi, dalali ndiye alituunganisha. Nina haki hizo hizo?
Jibu: Marahaba dada. Una pungufu, lakini unazo. Sharti la ubora linamfunga anayefanya biashara ya magari, na mtu anayeuza gari yake ya nyumbani hayumo. Hata hivyo, kama alikuandikia kwamba injini haijawahi kufunguliwa na kumbe imefunguliwa, gari hailingani na maelezo. Akikudanganya kwa makusudi, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa nafasi ya kuuvunja mkataba. Na yeyote anayeuza lazima awe na haki ya kuuza. Mtafute dalali awe shahidi wako sasa hivi, kabla hawajaelewana. Halafu angalia kama huyo "mtu binafsi" ana magari mengine anayouza. Akiwa na matano uani, huyo ni mfanyabiashara.

Mtoto wa Kirumba: Mkataba wangu umeandikwa "nimeikagua na nimeridhika nayo kama ilivyo". Ndio basi?
Jibu: Umefanya vizuri kuuliza. Maneno hayo yanakuumiza, kwa sababu sheria inaruhusu watu kuyaondoa masharti hayo kwa makubaliano. Pia ubovu ambao ukaguzi wako ulipaswa kuuona, kama kioo kilichopasuka, huwezi kuudai. Lakini ubovu uliofichwa kwa hila ni hadaa, na hadaa haifunikwi na sentensi ya mkataba. Nitumie picha ya mkataba wote, si ukurasa wa saini tu.

Jembe: Si niende tu polisi wamkamate anipe hela yangu?
Jibu: Polisi hawakusanyi madeni. Nenda kama chesisi imechezewa, gari ni ya wizi, au una ushahidi kwamba alijipatia fedha kwa udanganyifu.

Mwenye Yadi Nyakato: Unawatetea wanunuzi tu. Wanaweka mafuta mabaya, wanaendesha bila maji kwenye rejeta, kisha wanarudi kwetu.
Jibu: Ndiyo maana hatua ya 4 inasema nanyi mwalikwe. Andikeni ubovu mnaoujua ndani ya mkataba, mnunuzi asaini mstari huo. Ulichomwonyesha kabla ya mauzo hawezi kukudai baadaye.

Mwalimu wa Sengerema: Kilomita nahisi zimerudishwa nyuma. Nitathibitishaje?
Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Anza na cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani, huandikwa kilomita. Kama gari ilipita mnadani kule, omba na karatasi ya mnada. Kisha tafuta stika ya kubadilisha oili, mara nyingi iko ukingoni mwa mlango wa dereva au chini ya boneti. Tazama raba ya pedali ya breki: gari ya kilomita 60,000 isiwe na pedali iliyolika hadi chuma. Pedali peke yake haitoshi, ila ikiungana na cheti ina uzito.

Fundi wa Mabatini: Naongezea. Ukienda kukagua, waambie wasiiwashe kabla hujafika, uikute injini ya baridi. Na inua zulia la nyuma, hasa gari iliyobeba samaki. Maji ya barafu yanakaa chini ya zulia, sakafu inaoza huku juu pamepakwa rangi.
Jibu: Wabeja sana fundi. Na kutu ya chini ya zulia ipigwe picha siku hiyohiyo, na namba ya gari ionekane.

Dada wa Igoma: La mwisho. Nikiikataa, niipeleke kwake na kumwachia funguo?
Jibu: Kisheria hulazimiki kuipeleka, inatosha umjulishe kwamba umeikataa. Ukiamua kumpelekea, andikeni hati ya makabidhiano yenye tarehe, kilomita na hali ya gari, asaini, na sababu ya kuirudisha iandikwe humo. Bila hati hiyo funguo zikae kwako.